Mtakatifu Yosefu Calasanz: Padre Aliyefungua Shule ya Bure kwa Watoto wa Mtaani



Vijana wapendwa, mwisho wa mwezi wa nane tunajua watakatifu wetu vizuri. Tarehe 27 ni Mtakatifu Monika, tarehe 28 ni mwanae Agostino, na wengi wetu tumeshasikia mahubiri yao tangu tukiwa watoto wa Komunyo ya Kwanza. Lakini siku mbili tu kabla ya Monika, yaani tarehe 25 Agosti, yupo mzee mmoja ambaye wengi tunampita bila hata kumsalimia. Anaitwa Mtakatifu Yosefu Calasanz.

Kama umewahi kusoma shule ya parokia, shule ya masista, au hata kama ulifundishwa kusoma na katekista chini ya mwembe, basi una deni kwa mzee huyu. Hebu tukae naye leo. Maisha yake yana mambo ya kufurahisha, na yana mambo ya kuumiza pia. Hatutaficha lolote kati ya hayo.

MTOTO WA MHUNZI

Yosefu alizaliwa mwaka 1557 katika mji mdogo wa Peralta de la Sal, eneo la Aragon, Hispania. Baba yake, Pedro, alikuwa mhunzi, na pia aliheshimika na kupewa uongozi katika mji wao. Mama yake aliitwa María. Yosefu alikuwa kitinda mimba wa familia kubwa.

Kuna kisa kimoja kinachosimuliwa juu ya utoto wake. Eti siku moja, akiwa bado mdogo, alisikia kwamba shetani ni adui wa watu wote. Basi akachukua kisu, akawakusanya wenzake, wakatoka kwenda kwenye mashamba ya mizeituni kumtafuta shetani wamuue! Tunaweza kucheka, lakini kisa hicho kinatuonyesha mtoto wa aina gani: akiamini jambo, haishii kulisema. Anaamka na kwenda.

Alisoma sana. Alianza na Kilatini, akaendelea na sheria katika chuo kikuu cha Lleida, kisha teolojia. Moyoni alishaamua kuwa padre. Ila nyumbani mambo yakabadilika: kaka yake akafariki, na mama naye akafariki. Mzee Pedro akabaki na hofu ya ukoo kukatika. Akamtaka Yosefu aoe, arudi nyumbani, ashike mali na jina la familia. Si jambo geni kwetu hili, vijana. Wangapi wamesikia wito halafu wakaambiwa, sasa nani atatuletea wajukuu?

Yosefu alibaki njia panda. Halafu akaugua vibaya sana, karibu kufa. Baba alipoona anampoteza mtoto kabisa, moyo wake ukalainika, akakubali mwanae awe wa Mungu. Yosefu akapona, na tarehe 17 Desemba 1583 akapewa daraja takatifu ya upadre.

SAFARI YA KUTAFUTA CHEO

Hapa tuwe wakweli. Padre Yosefu hakuanza kama mtetezi wa maskini. Alikuwa padre msomi, mchapakazi, anayeaminiwa na maaskofu. Alifanya kazi katika jimbo la Urgell, kwenye milima ya Pyrenees, akakagua parokia na kurekebisha mambo yaliyoharibika. Alikuwa na udaktari wa teolojia. Mtu kama huyo, kwa desturi ya wakati ule, alitazamia kupata ukanoni, yaani cheo katika kanisa kuu chenye heshima na mapato ya uhakika ya maisha.

Mwaka 1592, akiwa na umri wa miaka 35 hivi, akafunga safari kwenda Roma kulifuatilia jambo hilo. Mpango wake ulikuwa kukaa kwa muda mfupi tu, apate barua zake, arudi Hispania akaishi vizuri. Akapokelewa katika jumba la Kardinali Marcantonio Colonna, familia kubwa kabisa ya Roma, akawa mwanateolojia wa kardinali na mlezi wa vijana wa ukoo ule.

Angeweza kuishia hapo: jumba zuri, chakula kizuri, marafiki wakubwa, na cheo kinakuja. Lakini Mungu ana namna yake ya kutuharibia mipango ili atupe mpango ulio bora zaidi.

NG'AMBO YA MTO

Padre Yosefu alijiunga na vyama vya kitume vya Roma. Kimoja kiliwatembelea maskini na wagonjwa majumbani kuwapelekea misaada. Kingine kilikuwa Chama cha Mafundisho ya Kikristo, kilichofundisha katekisimu Jumapili na sikukuu. Kwa ajili ya kazi hizo akaanza kutembea mitaa yote ya Roma kwa miguu, akaingia kwenye vyumba ambavyo watu wa jumba la Colonna hawakuwahi kuviona.

Alichokiona kilimnyima usingizi. Watoto walikuwa wengi mitaani kutwa nzima, wachafu, wenye njaa. Walijifunza matusi, kamari na wizi kabla ya kujifunza Ishara ya Msalaba. Na hali ilikuwa mbaya zaidi Trastevere, mtaa ulio ng'ambo ya Mto Tiber, mtaa wa watu wa hali ya chini.

Yeye na wenzake walikuwa wanawafundisha katekisimu Jumapili, ndiyo. Lakini akaona jambo moja kwa macho yake: saa moja ya Jumapili haiwezi kushindana na siku sita za mtaani. Mtoto anayefundishwa leo sala ya Baba Yetu, kesho anarudi kule kule, hajui kusoma, hana ufundi, hana kesho. Umaskini wake unamlea kuwa mwizi, na wizi unamrudisha kwenye umaskini. Ili kuukata mnyororo huo, mtoto alihitaji shule ya kila siku, na isiyodai senti kwa mzazi.

MILANGO ILIYOFUNGWA

Leo neno shule ya bure tunalisikia kila siku, hatushtuki. Lakini wakati ule Roma ilikuwa na walimu wa mitaa waliolipwa kidogo na serikali ya mji, na kilichobaki walikitoza kwa wanafunzi. Asiye na hela, hasomi. Shule za mashirika ya watawa zilikuwepo na zilikuwa nzuri sana, lakini ziliwapokea waliokwisha kujua misingi ya Kilatini. Sasa mtoto wa mchukuzi wa mizigo atajuaje Kilatini wakati hata herufi a hajaandika?

Waandishi wa maisha yake wanasimulia kwamba Padre Yosefu alibisha hodi kila mahali. Aliwaomba walimu wa mitaa wapokee watoto maskini bila malipo. Wakataka waongezewe mshahara kwanza. Akaiomba serikali ya mji, hela hakuna. Akaenda kwa mashirika makubwa ya watawa. Kila moja lilikuwa na kazi zake na sababu zake. Si kwamba wote walikuwa na roho mbaya. Kila mmoja aliona tatizo, na kila mmoja aliona ni la mtu mwingine.

Ndugu yangu, umewahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo? Kila mtu anakubali kwamba vijana wanapotea, kila mtu anasikitika, halafu tunafunga kwa sala na kwenda nyumbani. Padre Yosefu naye angeweza kuandika ripoti yake na kurudi kwenye jumba la kardinali. Badala yake akaelewa polepole kwamba mtu aliyekuwa anamtafuta katika milango yote ile alikuwa ni yeye mwenyewe.

VYUMBA VIWILI

Huko Trastevere kulikuwa na parokia ndogo ya Mtakatifu Dorotea. Paroko wake, Padre Antonio Brandini, alikuwa na kashule kadogo ambako baadhi ya watoto walilipa kidogo. Paroko akakubali kutoa vyumba viwili na kusaidia kufundisha. Katika majira ya mwisho ya mwaka 1597 shule ikaanza. Wengi wanaihesabu kuwa shule ya kwanza ya bure ya watu wote katika Ulaya. Padre Yosefu alisimamia jambo moja bila kuyumba: asilipe mtu. Karatasi, kalamu na wino aliwatolea wasiokuwa navyo.

Watoto wakamiminika. Vyumba viwili havikutosha hata kidogo.

Mwaka uliofuata, wakati wa Krismasi ya 1598, Mto Tiber ukafurika kuliko mafuriko yoyote yanayokumbukwa Roma. Maji yakabomoa daraja, yakaingia nyumba za maskini, watu wengi wakafa. Padre Yosefu akawa miongoni mwa waliotoka kuwasaidia waliozingirwa na maji. Maji yalipopungua, yatima waliongezeka mitaani, na kazi ikaongezeka.

Mwaka 1600 aliivusha shule kuingia katikati ya mji, ikahama nyumba hadi nyumba, kila mara ikitafuta nafasi kubwa zaidi. Siku moja alipanda ngazi kufunga kengele ya shule, akaanguka akavunjika mguu. Fikiria: daktari wa teolojia, mgeni wa makardinali, yuko juu ya ngazi anafunga kengele! Lakini ndivyo alivyokuwa. Alifagia madarasa kwa mikono yake. Akabeba mkoba akapita mitaani kuomba sadaka ili watoto wasome. Mwaka 1612 hatimaye shule ikatulia penye kanisa la Mtakatifu Pantaleo, karibu na uwanja wa Navona. Nyumba hiyo ipo mpaka leo.

Na ule ukanoni aliokuja kuutafuta? Aliuacha. Alikwisha kupata njia yake ya kumtumikia Mungu, na hakutaka kuibadilisha na kitu chochote duniani.

SHULE ILIVYOKUWA

Kazi hiyo ikaitwa kwa Kiitaliano Scuole Pie, yaani Shule za Uchaji. Wazo lake lilisimama juu ya miguu miwili: uchaji wa Mungu na elimu. Aliona kwamba elimu bila uchaji huzaa mwerevu asiye na dhamiri. Aliona pia kwamba uchaji bila elimu unamwacha maskini mikononi mwa wanaojua kusoma mikataba.

Watoto walipangwa kwa madarasa, kuanzia wanaoanza kutambua herufi mpaka wanaosoma Kilatini. Jambo la kuvutia ni hili: alitilia mkazo mwandiko mzuri na hesabu. Kwa nini? Kwa sababu mtoto maskini mwenye mwandiko mzuri na anayejua hesabu anapata kazi dukani, ofisini, kwa mfanyabiashara. Padre Yosefu hakutaka watoto wake waishie kusema sala tu. Alitaka wale jasho lao wenyewe. Wenye uwezo wa kuendelea mbele waliendelea mbele.

Kila siku watoto wachache, kwa zamu, walitoka darasani na kwenda kusali kanisani pamoja na padre, huku wenzao wakiendelea na masomo. Hivyo sala haikukatika muda wote wa shule. Jioni walimu waliwasindikiza watoto kwa mistari mpaka karibu na makwao, wasipotelee njiani.

Mwanzoni alipokea wenye uthibitisho wa umaskini kutoka kwa paroko. Baadaye akaona karatasi hiyo inawatenga watoto, akaiondoa. Mtoto wa tajiri akitaka kusoma na akae benchi moja na mtoto wa dobi. Hata watoto wa Kiyahudi walipokelewa, katika mji ambao Wayahudi walilazimishwa kuishi ndani ya kuta za mtaa wao.

Si wote waliopenda. Walikuwepo wakubwa walioona kwamba kuwasomesha maskini ni hatari: wakijua kusoma, nani atalima, nani atabeba mizigo? Mwanafalsafa Mdominikani Tommaso Campanella ilibidi aandike kitabu kizima kuzitetea shule hizi. Na Galileo, mwanasayansi aliyehukumiwa mwaka 1633, alipokuwa mzee kipofu amefungiwa nyumbani kwake karibu na Firenze, Padre Yosefu aliruhusu mmoja wa watawa wake aende kumsaidia, hata kulala kwake usiku. Kwa wakati ule, kuwa karibu na Galileo hakukuwa jambo la kukupatia sifa Roma.

VIJANA WALIOMFUATA

Mwalimu mmoja hawezi kufundisha mamia. Wakaja wenzake. Kati yao alikuwepo kijana Glicerio Landriani, mtoto wa familia ya watu wakubwa wa Milano. Aliacha utajiri wa nyumbani, akaja kuwafundisha katekisimu watoto wasio na viatu. Alifariki mwaka 1618 kabla hata hajatimiza miaka 30. Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu Mheshimiwa. Vijana mnaofundisha watoto wa utoto mtakatifu, mwombeeni atangazwe mwenye heri, na mwigeni.

Tarehe 25 Machi 1617, Sikukuu ya Kupashwa Habari Maria, Padre Yosefu na wenzake walivaa kanzu mpya kwa idhini ya Papa Paulo V. Yosefu akaacha jina la ukoo, lile jina ambalo baba yake aliogopa lisipotee, akajiita Yosefu wa Mama wa Mungu. Mwaka 1621 Papa Gregori XV akalifanya kuwa shirika kamili la watawa. Mbali na usafi wa moyo, ufukara na utii, waliweka nadhiri ya nne: kuwalea na kuwafundisha vijana. Kufundisha watoto wadogo, kazi iliyodharauliwa na wasomi, sasa ikawa ahadi mbele ya altare.

Shule zikaenea Liguria, Napoli, Firenze, zikavuka mpaka Moravia na Poland. Maombi ya shule mpya yalikuwa mengi kuliko walimu. Na hapo ndipo shida ilipoanzia.

KOSA LILILOFICHWA

Shirika lilikua haraka mno. Likapokea watu wengi bila kuwapima vizuri, na baadhi yao hawakufaa.

Mmoja wao aliitwa Stefano Cherubini, mtoto wa familia yenye nguvu Roma. Barua na nyaraka za wakati ule zinaonyesha kwamba alituhumiwa kuwatendea watoto mambo machafu kule Napoli. Yosefu alipata taarifa. Kwa kuogopa kashfa, na kwa uzito wa familia ile, hakumweka wazi. Alimhamisha, tena kwa namna iliyolinda jina lake.

Inauma kuandika hivi juu ya mtakatifu, lakini ndiyo kweli, na Kanisa la leo limejifunza kwa machozi kwamba kuficha namna hiyo ni kuwaacha wadogo bila ulinzi. Utakatifu wa Yosefu haukulifanya kosa hilo kuwa jema. Watoto wale walistahili kulindwa kwanza, kabla ya jina la shirika na kabla ya heshima ya ukoo wa mtu yeyote. Na tutaona hivi punde, uovu uliofichwa haukufa. Ulisubiri.

TAREHE 8 AGOSTI 1642

Alikuwepo pia mtawa mwingine, Mario Sozzi. Huyu alijipatia kibali kwa Baraza la Uchunguzi wa Imani, chombo kilichoogopwa na kila mtu, kwa kuwa aliwahi kulifichulia kesi moja nzito kule Firenze. Kuanzia hapo akajiona hagusiki. Aliwachongea wenzake, akamchongea na mwanzilishi mwenyewe.

Siku moja chumba cha Sozzi kilipekuliwa kwa amri ya kardinali mlezi wa shirika, na karatasi zake zikachukuliwa. Sozzi akadai kwamba Yosefu ndiye aliyepanga jambo hilo, na kwamba nyaraka za Baraza zilikuwemo humo. Tarehe 8 Agosti 1642 askari wakaja. Yosefu alikuwa na miaka kama 85. Walimpitisha kwa miguu katika mitaa ya Roma, jua kali la kiangazi, kichwa wazi, kama mhalifu. Mitaa ile ile aliyoipita miaka 45 akiwatafuta watoto. Wanasimulia kwamba alipofika alikaa akisubiri, akasinzia. Dhamiri yake ilikuwa tulivu.

Kardinali alipothibitisha kwamba amri ilikuwa yake, Yosefu akaachiwa siku ile ile. Lakini jeraha lilikwishaingia. Hakupita muda, uongozi wa shirika ukaondolewa mikononi mwake, akapewa Sozzi.

Na yule mzee akafanya nini? Akatii. Sozzi alipougua ugonjwa mbaya wa ngozi, Yosefu alimwombea na akataka kwenda kumwona, ila hakupokelewa. Sozzi akafariki mwishoni mwa mwaka 1643. Sasa ni nani aliyewekwa badala yake? Stefano Cherubini. Ndiyo, yule yule aliyehamishwa kimya kimya miaka mingi kabla.

KAZI INAVUNJWA MBELE YA MACHO YAKE

Watawa wengi walipinga, wakaandika malalamiko, mgogoro ukawa mkubwa. Mwezi Machi 1646 Papa Inosenti X akatoa uamuzi: Shule za Uchaji si shirika tena la nadhiri. Kila nyumba itakuwa chini ya askofu wa mahali, hakuna kupokea nadhiri mpya, na anayetaka kuondoka aondoke.

Vijana, jaribu kuona picha hiyo. Umetoa miaka karibu hamsini. Umeacha cheo, nchi, ukoo, jina. Umevunjika mguu, umeomba sadaka barabarani. Halafu una karibu miaka 90, unakaa kwenye chumba chako pale Mtakatifu Pantaleo, na unasomewa karatasi kwamba yote yamefutwa. Waliokupenda wanafunga virago mmoja mmoja.

Yosefu hakumtukana Papa na hakuanzisha kundi lake. Hakukata tamaa pia. Aliandika barua nyingi kwa nyumba zote, akiwasihi waliobaki wasifunge madarasa, wavumilie, waendelee kufundisha watoto kesho asubuhi kama kawaida. Maana shirika linaweza kufutwa kwa karatasi, lakini mtoto aliyesimama mlangoni na kalamu yake hajafutwa.

Ni kwa ajili ya uvumilivu huo kwamba baadaye walimfananisha na Ayubu. Alifariki tarehe 25 Agosti 1648, akiwa hana shirika tena. Watu wa kawaida wa Roma walijaa kanisani kumuaga. Wao hawakusoma karatasi za ofisini. Walijua tu nani aliwafundisha kusoma.

BAADA YA KABURI

Miaka minane tu baadaye, mwaka 1656, Papa Aleksanda VII aliwaruhusu tena watawa kuishi kama jumuiya yenye nadhiri. Mwaka 1669 Papa Klementi IX akarudisha shirika zima katika hadhi yake. Mbegu haikuwa imekufa.

Mwaka 1767 Papa Klementi XIII akamtangaza Yosefu kuwa mtakatifu. Na mwaka 1948, miaka 300 kamili tangu kifo chake, Papa Pio XII akamfanya msimamizi wa shule zote za Kikristo za watu wa kawaida.

Katika shule za watawa wake walipita watu wengi: Gregor Mendel, mtawa aliyegundua kanuni za urithi tunazofundishwa katika baiolojia, mchoraji Goya, Antonio Gaudí, msanifu wa kanisa la Familia Takatifu kule Barcelona. Leo shule zao zipo mabara mbalimbali, na hapa Afrika wapo katika nchi kama Senegali na Kameruni. Mashirika mengine mengi ya elimu, ya kina mama na kina baba, yalikuja nyuma yake katika njia ambayo yeye aliifyeka kwa panga.

TUNAONDOKA NA NINI?

Kwanza, wito unaweza kuja ukiwa njiani kutafuta kitu kingine kabisa. Yosefu alikwenda Roma kutafuta cheo, akakutana na watoto. Usimkasirikie Mungu mipango yako ikichelewa. Angalia kwanza ni nani amekuweka mbele yako huku ukisubiri.

Pili, usingoje shule kubwa. Yeye alianza na vyumba viwili vya kuazima. Katika jumuiya yako ndogo ndogo kuna mtoto wa darasa la nne asiyejua kusoma, na wewe uliyemaliza kidato cha nne uko nyumbani unasubiri matokeo. Meza moja, daftari moja, saa moja jioni, mbele ya wazazi wake. Hiyo nayo ni Shule ya Uchaji.

Tatu, kazi ya Kanisa isilindwe kwa kuficha uovu. Ukiona mtoto anaumizwa, au wewe mwenyewe unaumizwa, na anayefanya hivyo ni mtu mwenye heshima, sema. Mwambie mzazi, mwambie kiongozi unayemwamini, fika polisi au ustawi wa jamii. Asiyesikia wa kwanza, mwendee wa pili. Kusema hivyo si kulichafua Kanisa. Ni kulisafisha.

Nne, thamani ya kazi haipimwi siku ya mwisho wako. Ungepita pale Mtakatifu Pantaleo mwezi Agosti 1648 ungesema mzee huyu ameshindwa. Mungu alikuwa bado anahesabu.

TUSALI

Ee Mungu Baba, uliyempa Mtakatifu Yosefu Calasanz moyo wa kuwaona watoto ambao wengine waliwapita, tupe na sisi macho kama yake. Wabariki walimu wetu, hasa wale wanaofundisha mbali, kwenye madarasa yaliyojaa, kwa mshahara mdogo. Walinde watoto wote dhidi ya kila mtu mwenye nia mbaya, na uwaponye walioumizwa. Utupe ujasiri wa kusema kweli, na uvumilivu pale kazi yetu inapobomoka mbele ya macho yetu. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Yosefu Calasanz, utuombee.

Tarehe 25 Agosti ikifika, mkumbuke mwalimu aliyekufundisha kushika kalamu. Kama yu hai, mpigie simu umsalimie. Kama ametangulia, mwombee raha ya milele.